Bi Kinyaa na Pini ya Nepi

Nyumbani waliniita Bi Kinyaa, na nililipenda hilo jina. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu msafi kama mimi. Angalau ndivyo nilivyojiona. Sikunywea kikombe cha mtu mwingine hata kikisuguliwa mara tatu. Mkate ukidondoka sakafuni, basi huo kwangu si mkate tena. Siku moja nilikuta unywele kwenye sabuni nikapiga yowe, Baba akaja mbio na fimbo akidhani kuna nyoka bafuni.

"Mtoto huyu," Baba akasema akiiweka fimbo chini, "ukimpa sabuni, kwanza ataiosha sabuni yenyewe."

Wacheke tu, sikujali. Kilichonisumbua ni kazi niliyopewa. Kila alasiri nikitoka shuleni nilimkuta Mama chumba cha mbele kwenye cherehani yake, vipande vya vitambaa vimemfika magotini. Mama alikuwa mshonaji wa sare na mapazia, na nguo za watu hazitaki doa. Kwa hiyo nepi za mdogo wetu wa mwisho, Kitumbo, aliyekuwa na miezi minane, zilikuwa kazi yangu. Zilikuwa nepi za kitambaa, zile za kukunja pembe tatu na kufunga kwa pini kubwa yenye kichwa cha bata wa buluu. Zikichafuka zilitiwa kwenye ndoo yenye kifuniko nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nilitakiwa kuibeba hiyo ndoo hadi chooni, nikung'ute kilichomo, nimwage maji, kisha nizifue nepi na kuzianika.

Kusema ni rahisi. Hebu funua kile kifuniko! Kha! Harufu ilikuvamia usoni mpaka macho yakatoa machozi. Na choo chenyewe kilikuwa mwisho wa ua, tukikitumia sisi na jirani yetu fundi viatu. Sakafu yake haikukauka hata siku moja, kitasa kiliteleza, na nzi wake wanene walikutulia mdomoni bila hodi. Nilipokwenda huko kwa haja zangu nilibana pumzi tangu mlangoni mpaka nilipotoka. Sasa ukiwa na ndoo ile mkononi utabana pumzi mpaka lini?

Ndipo nikapata njia ya mkato. Baba alikuwa mwashi. Kabla ya baridi kuingia alileta mchanga lori zima, akaumwaga uani ili apige plasta ukuta wa nyuma wa nyumba. Baridi kali ikamkatiza kazi, naye akaufunika mchanga kwa turubai akausahau. Mimi sikuusahau. Kila alasiri nilizunguka nyuma ya lile rundo, nikainua pembe ya turubai, nikachimba kishimo kwa kijiti, nikakung'uta nepi humo huku nimegeuza uso, nikafukia. Ilikuwa hatua tano tu kutoka bombani, na hapakuwa na nzi hata mmoja.

Roho iliponisuta nilikumbuka maneno ya Mama mwenyewe. Siku Kitumbo alipomchafulia Baba suruali mbele ya wageni, Mama alicheka akasema, "Ah, cha mtoto hicho! Mtoto mdogo ana uchafu gani?" Nami nikajiambia, kama si uchafu, basi kosa langu nini? Jambo moja tu lilinitia wasiwasi. Mama alihesabu pini akakuta tatu, wakati zilikuwa nne.

"Ile nyingine imekwenda wapi?" akaniuliza.

"Labda iko chini ya kitanda," nikasema, nikajitia kutafuta.

Kisha baridi ikaisha. Mti wa pale uani ukatoa majani mapya, watu wakafungua madirisha, tukavua masweta yaliyonuka jasho la miezi mitatu. Mama akamfungulia mlango Mapepe, mdogo wangu wa miaka mitatu, ambaye baridi yote alikuwa amefungiwa ndani akipanda meza na kushuka kabatini. Baba naye akaliondoa turubai ili mchanga upigwe na jua. Kabla hajamaliza kulikunja, Mapepe na mwenziwe walikuwa wamekwisha panda juu ya rundo.

Mwenziwe huyo ni Kijino, binti wa fundi viatu. Alikuwa na miaka minne, na jina alilipata alipoanguka ngazini akabaki na jino moja tu la mbele. Mama yake alifanya kazi mji mwingine na kuja mwisho wa mwezi. Baba yake alishinda kizingitini akigongea visigino viatu vya watu. Kamasi za Kijino hazikujua likizo. Moja ikishuka, nyingine inapanda, na mkono wa gauni lake ulikuwa umekauka kama ubao kwa kupangusia. Mimi nilikuwa simsogelei. Tena alikuwa na tabia ya kuitikia kila kitu.

"Kijino, umekula?"

"Ndiyo."

"Kwani hujala?"

"Ndiyo."

Wale wawili wakafungua duka la mikate. Walilowesha mchanga, wakaushindilia kwenye makopo, wakayapindua, mkate huo! Kijino akanijia mbio, mkate umemporomoka nusu mkononi, kamasi zimefika mdomoni.

"Dada, nunua mkate!"

"Aka! Niondokee hapa na uchafu wako," nikamwambia, nikaificha mikono yangu nyuma.

Mapepe yeye hakujua kujifanya. Aliuma kweli, akatema, akacheka, meno yote yamejaa mchanga. Hapo nikaangalia walipokuwa wanachimba. Ilikuwa upande wa nyuma, kivulini, ambako mchanga ni laini na una unyevu. Ndipo palepale nilipokuwa nafukia. Neno moja tu lingetosha: tokeni hapo. Lakini wangeuliza kwa nini. Nikajiambia kwamba vya zamani vimekwisha kuwa udongo, nikaingia ndani.

Kana kwamba hilo halikutosha, wiki hiyo hiyo Kitumbo akaanza kuharisha. Nepi nane kwa siku, nyepesi, za kijani, ndoo imejaa pomoni. Unadhani nilikwenda chooni? Nilisubiri watoto waitwe kula, nikamwaga palepale pa siku zote, nikafukia juujuu kwa mguu.

Siku ya nne Mapepe naye akaugua. Tulikuwa mezani. Akasimama, akashika tumbo, akatapika juu ya meza, juu ya mkate, ndani ya sahani yangu. Kabla Mama hajamfikia, huku nyuma nako kukafunguka. Maji yanayonuka fee yalimshuka miguuni mpaka yakajaa kwenye soksi. Mimi nilikimbilia nje nikatapika na mimi, kwa kichefuchefu tu. Nikirudi namkuta Mama amepiga magoti katikati ya uchafu ule, mikono mitupu, anamfuta mwanawe bila hata kukunja uso.

Jioni Mapepe hakuwa Mapepe tena. Macho yalizama, midomo ilikauka, na alipolia hakutoa machozi. Mama akamfunga mgongoni, mimi nikambeba Kitumbo, tukaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiyepoteza maneno. Alimfinya Mapepe ngozi ya tumbo, akaitazama inavyorudi polepole.

"Amekaukiwa maji mwilini," akasema. "Mngengoja kesho, tungekuwa na habari nyingine kabisa." Akaanza kumnywesha maji ya dawa kwa kijiko, kidogo kidogo. "Nyumbani kuna mwingine aliyeharisha?"

"Huyu mdogo," Mama akajibu.

"Na choo chake mnakitupa wapi?"

"Chooni. Binti yangu huyu ndiye anayepeleka kila siku. Ni msafi mno huyu, tunamwita Bi Kinyaa."

Muuguzi akanitazama juu ya miwani, akatabasamu. "Vizuri sana, mwanangu. Watu wengi hudhani choo cha mtoto hakina neno. Kina neno, tena kubwa. Kikimfikia mwingine mdomoni, hata punje, matokeo yake ndiyo haya."

Mimi nikatazama viatu vyangu. Mapepe alimeza kijiko kimoja, akatapika, muuguzi akaanza upya, na mimi sikusema kitu.

Njiani kurudi Mama akasema, "Basi ni yule Kijino. Nani mwingine? Mtoto kutwa anajipaka kamasi, hajui maji wala sabuni. Kuanzia leo asikanyage kwetu."

Nikanyamaza tena. Kwa siku tatu Kijino alisimama kizingitini kwao na kopo lake mkononi, akitazama mlango wetu ambao haukufunguliwa. Ndani, Mapepe alilala na beseni kando yake, na kila alipojikunja kwa tumbo, mimi nilijiziba masikio kwa mto. Nilijichukia, lakini nilichukia zaidi kuulizwa.

Jumamosi Baba akasema ukuta umengoja vya kutosha. Akasimamisha chekeche lake, wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, akaniita nishike ufagio. Alirusha mchanga kwa koleo. Ulio laini ukapita, kokoto zikabaki. Alianza upande wa mbele, mambo yakaenda sawa. Kisha akazunguka nyuma.

"Mchanga gani huu wenye madongo?" akasema. Akaokota bonge moja, akalivunja kwa vidole kama anavyovunja udongo siku zote, akalipeleka puani.

Baba yangu ni mtu wa ujenzi. Amezibua mitaro, amefukua mashimo ya maji machafu. Sijawahi kumwona akiruka vile.

"Ptuu! Mama wee! Hiki ni choo!" Alitupa lile bonge, akafuta vidole ukutani, akavinusa, akafuta tena. Akachota koleo la pili, na hilo likaleta kibichi, kilichonata kwenye wavu kikaning'inia. Nzi wakafika papo hapo kana kwamba walialikwa.

Mama akatoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Alitazama mara moja tu, akaziba mdomo kwa kiganja. "Si nilisema! Mwanangu alikuwa anakula hiki! Fundi! Wewe fundi viatu, hebu njoo uone kazi ya mwanao!"

Fundi viatu akaja na aproni yake, gundi imemkauka vidoleni, Kijino ameng'ang'ania nyuma yake. Akatazama wavu. Akainamisha kichwa kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Na hapo ndipo nilipoiona. Kwenye pembe ya chekeche, katikati ya ule uchafu, kichwa kidogo cha buluu. Pini ya nepi. Wote walikuwa wanamtazama fundi viatu. Mimi, nisiyegusa unywele kwenye sabuni, nilipitisha mkono nikaichomoa, nikafumba ngumi. Ulikuwa ubaridi wa kunata, ukapenya kati ya vidole vyangu mpaka chini ya kucha. Lakini hakuna aliyeniona.

"Kijino," baba yake akauliza kwa sauti ya chini, "ni wewe uliyejisaidia kwenye mchanga wa watu?"

"Ndiyo," akasema Kijino.

"Mara nyingi?"

"Ndiyo."

Fundi viatu akavua miwani yake, akaifuta kwa aproni ingawa aproni ilikuwa chafu kuliko miwani. "Nisameheni, jirani zangu. Mimi nashinda na viatu, mtoto ananikulia kama kuku wa mtaani. Kesho nampeleka kwa shangazi yake. Huko mbali hatamwumiza mtoto wa mtu."

"Na Mapepe?" Kijino akauliza.

"Mapepe anabaki hapa kwao."

Kijino hakulia. Alitazama ndani ya kopo lake, akapangusa kamasi kwa mkono wa gauni, akarudi nyuma ya baba yake. Mimi nilikuwa na ngumi yangu. Ningeweza kuisukuma mfukoni, nikaenda bombani, nikanawa kwa sabuni mara kumi, na mambo yakaisha. Lakini nilijua hakuna sabuni ambayo ingenitoa uchafu niliokuwa nao pale. Katika ua mzima, mchafu alikuwa mmoja, na hakuwa yule mwenye kamasi.

"Muulize kama si yeye," nikasema.

"Unasemaje?" Mama akanigeukia.

"Kijino," nikamwita mwenyewe. "Si wewe, sivyo? Hukufanya?"

"Ndiyo," akasema Kijino.

"Mnaona? Anaitikia kila kitu. Si yeye. Ni mimi." Nikafumbua ngumi. Bata wa buluu alikuwa amelala kiganjani, amepakaa uchafu. "Ni nepi za Kitumbo. Sikuwa nazipeleka chooni. Nilimwaga hapa, tangu wakati wa baridi. Na juzijuzi pia, alipokuwa anaharisha."

Mama alitazama pini, akanitazama mimi, na macho yake ndiyo yaliyoniuma kuliko fimbo.

"Nilikusifu mbele ya muuguzi," akasema. "Mdogo wako amelala pale hana nguvu ya kushika kijiko, na wewe umesimama unasikia nakusifu."

Nikalia. Sikuweza hata kujifuta machozi kwa sababu ya mkono ule. Mama hakunibembeleza. Alikwenda kwa fundi viatu, akasimama mbele yake. "Jirani, nimekukosea wewe na nimemkosea mtoto. Tena sina pa kuuweka uso. Usimpeleke popote." Kisha akachuchumaa, akatoa mfukoni kipande cha kitambaa kipya cheupe cha kazi yake, akampangusa Kijino kamasi vizuri, puani na mdomoni. "Nisamehe, mama yangu."

"Ndiyo," akasema Kijino. Fundi viatu akacheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu, akamnyanyua binti yake begani.

Baba akasogeza chekeche kando. Aliniletea koleo. "Shika," akasema.

Tulifanya kazi mpaka jua lilipokaribia kuzama. Tulichimba shimo refu mbali na bomba, tukahamisha mchanga wote wa upande ule, koleo kwa koleo, tukaumwagia chokaa, tukafukia. Kila pigo lilifumua harufu mpya. Nilitapika mara mbili, Baba akangoja nimalize, kisha akanionyesha pa kuendelea. Halafu tukahamia chooni. Nilisugua sakafu ile kwa brashi nikiwa nimepiga magoti, nikifuta uchafu wa miaka kwenye mifereji ya saruji, huku fundi viatu akibadilisha kitasa na kupigilia wavu dirishani kuzuia nzi. Tulipomaliza, sakafu ilikauka kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Kumbe muda wote ilikuwa inangoja mtu tu wa kuisugua.

Bombani Baba alinifungulia maji, tukanawa pamoja, sabuni mpaka viwikoni.

"Bado unasikia kinyaa?" akaniuliza.

"Sana, Baba."

"Usikionee aibu. Kinyaa ni kizuri, kinakuonyesha uchafu ulipo. Lakini wewe ulipouona ulifanya nini? Uliutoa kwenye pua yako ukauweka mdomoni kwa mdogo wako. Huo si usafi, mwanangu. Msafi si yule anayegeuza uso. Msafi ni yule anayebeba ndoo mpaka chooni. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtoto mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Mama alikuwa mlangoni anasikiliza. "Na mimi nina langu," akasema. "Nilisema cha mtoto si uchafu, nikacheka, na wewe ukanisikia. Nitamweleza muuguzi ukweli wote. Na wewe utakuja na mimi."

Tulikwenda Jumatatu. Muuguzi hakunifokea. Aliandika tu kitu kwenye daftari lake, akaniambia nimwonyeshe ninavyonawa mikono, akanirudisha kwenye sinki mara mbili kwa sababu ya kucha.

Mapepe alipona baada ya wiki moja. Siku aliyopanda meza tena, Mama aliacha cherehani akapiga makofi. Baba aliletewa mchanga mwingine, akatenga sehemu ndogo kwa ajili ya watoto, akaizungushia matofali na kuifunika kwa turubai kila jioni. Ndoo ya nepi bado ni yangu. Kila alasiri naibeba mpaka mwisho wa ua, nakunja uso, natukana kimoyomoyo, namwaga panapostahili. Pini nazo ni nne.

Juzi nilikuwa naanika nepi Kijino akanijia mbio, mkate umemporomoka nusu mkononi. Kamasi zilikuwepo, moja inashuka, nyingine inapanda. Nikatoa kitambaa nikampangusa. Mwili ulinisisimka, sikatai. Kisha nikanyoosha viganja vyote viwili nikapokea mkate wake, nikajifanya natafuna.

"Umeshiba, Dada?"

"Ndiyo."

"Hujashiba?"

"Ndiyo," nikamjibu, akacheka mpaka jino lake lote likaonekana. Nikawashika mikono, yeye na Mapepe, tukaenda bombani kunawa.